Wazazi wenzangu, kabati lililotumika si aibu ya harusi

Ndugu Mhariri,

Mwanangu wa pili alioa mwezi wa mlisho uliopita, siku chache kabla ya Ramadhani. Nyumba anayokaa na mkewe huko Tudor, toka kitanda hadi stuli ya jikoni, ina fanicha ambayo watu wengine waliitumia kabla yao. Kipya mle ni godoro, mapazia na kioo kimoja. Naandika kwa sababu ya maneno niliyoambiwa kabla ya harusi ile, na kwa sababu nawajua vijana wa Kisauni, wa Likoni na wa hapa kwetu Majengo wanaoahirisha nikaha mwaka hadi mwaka wakisubiri pesa za kabati.

Mshenga wetu alirudi kutoka ukweni na karatasi. Kitanda cha sita kwa sita, ubao wa kichwani uwe wa kitambaa. Kabati la milango minne. Meza ya kujipambia yenye kioo. Makochi ya watu saba. Meza ya chakula na viti sita. Mahari yenyewe hawakuikaza hata kidogo, baba wa binti ni mtu wa dini na alitaja kiasi ambacho kila mtu aliridhika nacho. Kilichotulemea ni vyombo, na chini ya karatasi kulikuwa na maneno matatu yaliyopigwa mstari: Vyote viwe vipya.

Tulikwenda duka moja la fanicha mjini tukapigiwa hesabu. Shilingi 228,000. Mwanangu ni karani katika ofisi ya wanaotoa mizigo bandarini. Mshahara wake ukifika mkononi ni 34,000, na humo mna kodi ya nyumba, nauli, na kidogo anachonipa mimi mamake. Usiku ule nilimkuta kibarazani, simu mkononi, anapiga hesabu za mkopo. Miaka mitatu ya kulipa. Yaani mtoto wa kwanza angezaliwa, angetambaa, angetembea, na kabati bado si lao.

Nikamwambia, mwanangu, nipe Jumamosi sita.

Kabati lile la dukani nilikuwa nimeshaliangalia mgongoni. Marehemu baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya reli, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumshikia taa na kumpa msasa. (Vijana wa leo huenda hawajui kwamba msasa ni jina la mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijaja.) Baba alinifundisha kuwa fanicha haiangaliwi usoni. Inaangaliwa mgongoni, tumboni na chini ya miguu. Basi kabati lile usoni lilimetameta, mgongoni lilikuwa na kibao chembamba kama jalada la daftari, kimepigiliwa kwa pini. Mbao zake ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, ambalo mafundi huliita chipibodi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Mahali pakavu pengine hukaa miaka. Hapa Mombasa tunapiga deki kwa maji kila asubuhi, hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, na masika yakija ukuta unatoka jasho. Chipibodi ikinywa maji chini, huvimba kama mkate uliolowa chai, skrubu hukosa pa kushika, na mlango unaanguka. Jirani zangu wawili nimewaona wakitupa makabati ya namna hiyo kabla mtoto wao hajaanza shule.

Sasa hebu tuseme ukweli juu ya neno mtumba. Nani hapa Mombasa hajavaa nguo ya Kongowea? Nimewaona mabibi harusi wakiingia ukumbini na viatu vilivyotoka katika robota la Ulaya, na hakuna aliyesema kitu. Tunavaa mwilini shati la mtu tusiyemjua, aliye ng'ambo ya bahari, halafu tunaona haya kuweka nguo zetu ndani ya kabati la jirani yetu wa Kizingo! Na kabati hilo limetengenezwa na mafundi wetu, kwa mti uliomea ardhi hii. Kwangu mimi hilo ndilo jambo lililonikereketa, nikaamua kwamba sitakubali mwanangu aingie deni kwa sababu ya haya ambayo haina msingi.

Jumamosi ya kwanza nilifanya kosa, na nitalieleza ili mwingine asilifanye. Niliona meza ya droo tatu kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara, vanishi mpya, vishikio vinang'aa, bei 4,500. Nilikuwa na haraka, jua limeshapanda, nikalipa. Siku ya tatu nikaona chini yake vichungu vidogo vya unga mweupe. Dumuzi. Nilipoigeuza nikakuta matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano, na ndani ya kila tundu mbao ni nyeupe, mbichi. Vanishi ilikuwa imepakwa kuyaziba upande wa mbele tu. Fundi alinionyesha kwa bisibisi: aliichoma pembeni ikazama kama kwenye muhogo. Tuliichoma moto uwanjani siku hiyo hiyo, kwa sababu dumuzi hakai kwenye meza moja. Tangu hapo kila kitu nilichokitaka nilikigeuza kwanza, nikakigonga mguu mmoja sakafuni juu ya karatasi nyeupe, nikangoja. Unga ukianguka, nashukuru na kuondoka. Tundu likiwa jeusi ndani, la zamani, limejaa uchafu, huenda mdudu alishatoka kitambo. Likiwa jeupe, yumo.

Nilijifunza pia kuwa dumuzi hula kwanza ile mbao nyeupe ya pembeni, iliyokuwa karibu na gome. Moyo wa mvule haumpendezi, wala mchwa hawaupendi. Ndiyo maana wazee walikuwa wakali kwa seremala aliyewachanganyia mbao nyeupe na nyekundu.

Kabati tulilipata Jumamosi ya tatu, uchochoroni nyuma ya Mwembe Tayari, duka lenyewe giza, limejaa mpaka mlangoni. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe ya mafuta, rangi ya ukuta, na mwenyewe alilidharau kwa sababu hiyo. Lakini nilipojaribu kuinua pembe moja halikutikisika. Nikavuta droo ya chini. Pembe za droo zilikuwa zimefumwa meno kwa meno, hakuna msumari, na droo ilirudi mahali pake taratibu, inasukuma hewa mbele yake. Nikalamba kidole nikasugua chini ya droo, pale ambapo hakuna rangi, na ile rangi ya hudhurungi ikajitokeza. Mvule. Bawaba zilikuwa za shaba, zimeota kijani lakini hazijaliwa na kutu. Alianza kwa 28,000. Nilimwambia bila kumficha kwamba najua ni mti gani, na nikamwambia pia kuwa rangi ile itanigharimu siku mbili za fundi. Nilikaa pale, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za wazee wetu, na tukamalizana kwa 19,500. Sikuona vizuri kumwambia kuwa kabati lake ni bovu ili nipunguziwe. Si bovu, na yeye ana watoto.

Hapo ndipo nilipojuta kutopima ngazi. Kabati lina futi saba kasoro kidogo, na wanangu wanakaa ghorofa ya tatu. Mkokoteni kutoka Mwembe Tayari hadi Tudor ulikuwa 800, mahamali wawili, watu wenye heshima sana, wakalibeba mpaka kona ya kwanza ya ngazi na hapo likagoma. Walijaribu kulilaza, kulisimamisha, kuligeuza. Majirani wakafungua milango, kila mmoja na shauri lake. Mwishowe hamali mkubwa kwa umri, mzee wa makamo mwenye kofia ya mkono, akapitisha kiganja juu ya paa la kabati akasema, "Mama, hili linafunguka." Na kweli. Paa lilikuwa limeshikwa na kabari nne za mbao. Akazigonga kwa kisigino cha kiatu, paa likatoka, ubavu ukatoka, mgongo ukatoka, na kabati zima likapanda ngazi vipande vipande kama mikeka. Juu likaunganishwa tena kwa robo saa. Aliyelitengeneza alijua kwamba watu huhama. Nilitamani baba yangu angekuwepo aone.

Kwa hiyo chukua kamba kabla ya kutoka nyumbani. Pima mlango, pima kona ya ngazi, pima urefu wa chumba hadi dari, funga fundo kila kipimo. Kamba haisahau.

Kitanda kilitoka hotelini. Ndugu yangu alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni hadi 2014, mwaka ambao Uingereza na mataifa mengine yaliwaonya raia wao wasije Mombasa, na hoteli kadhaa za Pwani zikafunga milango. Yeye hakurudishwa kazini tena. Lakini alibaki na marafiki katika kazi hiyo, na ndiye aliyenijulisha kuwa hoteli ikibadilisha vyumba, vitanda na meza hutoka kwa makumi, na mara nyingi wafanyakazi hupewa nafasi ya kwanza kununua. Kitanda chetu ni cha tano kwa sita, mbao ngumu, 16,000. Hakikuwa cha sita kwa sita kama karatasi ilivyotaka, ila chumba chenyewe kingekuwa kitanda kitupu.

Kitanda cha kununua kinataka macho. Kunguni hakai juu ya mbao wazi. Anakaa kwenye ncha za chaga, ndani ya matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani. Pitisha kadi ngumu kwenye nyufa, na utafute madoadoa meusi kama ya kalamu. Usidanganywe na muuzaji anayesema kitanda kimekaa stoo tupu miezi miwili, kunguni anaweza kukaa miezi bila kula na akakungoja. Sisi tulikibomoa chote uani, tukamwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, tukakianika, tukapaka dawa, ndipo kikaingia ndani. Skrubu zote zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, tukazibadilisha. Godoro nilinunua jipya kwa 14,500 na sitasikiliza hoja ya mtu yeyote juu ya godoro lililotumika. Hapo karatasi ya ukweni na mimi tulikubaliana kabisa.

Makochi hayana hadithi ndefu. Familia moja ya Ganjoni ilikuwa inahamia Nairobi, wakatuuzia fremu nzuri kwa 9,000, kitambaa kimechanika. Fundi wa Magongo akatia sponji na kitambaa kipya kwa 17,000. Wakati wa kununua kochi, kaa ukingoni, si katikati, uinuke mara tatu. Fremu mbovu italia.

Nilipita pia Ndia Kuu, katika maduka ya vitu vya kale. Sikwenda kununua. Makasha yenye njumu za shaba, viti vya enzi, vitanda vya samadari, hayo siku hizi ni ya wageni na matajiri, na bei zake zinajieleza. Lakini mpeleke kijana wako akatazame kabla ya kwenda kutafuta. Jicho likishaona kazi nzuri halikubali tena kazi mbaya.

Mahali pamoja sikwenda, ingawa niliambiwa ndipo penye bei rahisi kuliko kote, nako ni mnada wa vyombo vilivyotolewa nyumbani kwa watu kwa sababu ya kodi. Simhukumu anayenunua huko, sheria inaruhusu. Ila mimi nimewahi kuona kitanda cha jirani yangu kikishushwa ngazi na watoto wake wakiwa wamesimama mlangoni na sare za shule, na siwezi kumlaza bibi harusi juu ya kitanda kama hicho. Kila mtu na moyo wake.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni risiti. Kila nilichonunua niliandikiwa karatasi: jina la muuzaji, namba yake ya kitambulisho, tarehe, kitu chenyewe na bei. Bei ikiwa ya ajabu na muuzaji hataki kuandika, ondoka. Sheria ya jinai ya Kenya, kifungu cha 322, inasema anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hakuna meza yenye thamani ya hiyo.

Nije kwenye meza sasa, kwa maana meza ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Jumamosi ya tano tulikuwa Changamwe, katika yadi ya mtu anayeuza vyuma na mbao kuukuu. Ilikuwa chini ya turubai, juu yake matairi manne. Ndefu, miguu minene, juu imejaa alama za wino na mviringo wa vikombe. Mwanangu hakuitaka. Nikamwambia ageuze. Akalala chali juu ya magunia, akaingia chini yake na tochi ya simu, kisha akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mtoto. Kwenye ubao wa ndani palikuwa pamechomwa kwa chuma cha moto herufi EAR&H.

Wenzangu wa umri wangu wanazijua herufi hizo. Ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948. Mwaka wa 1969 reli na bandari zikatenganishwa, kila moja ikawa shirika lake. Kwa hiyo meza ile ilitengenezwa kati ya miaka hiyo, na haina chini ya miaka hamsini na kitu. Imeandikiwa barua, imepigiwa mihuri, imekaliwa na sijui nani hata ikaishia chini ya matairi, na haijalegea kiungo hata kimoja. Sisemi baba yangu ndiye aliyeitengeneza. Karakana zilikuwa nyingi na maseremala wengi. Ila aliizoea kazi ya namna hiyo, na niliposhika ukingo wake, pale ulipopigwa randa ya mviringo ili usimchubue mtu mkono, niliikumbuka mikono yake. Tuliinunua pamoja na viti vinne visivyofanana kwa 11,000.

Mti kama huo hatuupati tena kwa bei hiyo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na hata baada ya agizo hilo kuanza kulegezwa 2023, muulize seremala yeyote wa Majengo mbao ngumu sasa ni kiasi gani. Mimi napenda misitu ilindwe, sina ugomvi na hilo. Ndiyo maana naumia nikipanda darini katika nyumba za watu nikaona viti vya mvule vinapigwa na mvua, au nikisikia familia imepasua kabati la bibi yao likawa kuni za sufuria za biriani. Mvule huchukua miongo mingi kukua. Umeshakatwa, umeshapasuliwa, umeshakauka. Kuutupa ni kuua mti mara ya pili.

Basi, hesabu. Ninayo katika daftari. Vyote nilivyotaja, meza ya kujipambia ya 6,000 na kioo chake kipya cha 1,200, fundi wa kukwangua rangi, msasa, vanishi na dawa 8,300, mikokoteni yote na pikapu 3,900, na zile 4,500 nilizochoma moto uwanjani. Jumla 110,900. Mwanangu alikuwa na akiba ya 90,000, nyingine tulichanga nyumbani. Hakukopa.

Kuna walionishauri nifiche. Dada yangu mmoja aliniambia, ikishapigwa msasa nani atajua, sema umetengenezesha. Nilikataa. Siwezi kuanza udugu na watu kwa uongo, tena uongo ambao binti mwenyewe atalala juu yake kila usiku. Wiki mbili kabla ya nikaha nilimwalika mama wa binti aje Tudor peke yake. Vitu vilikuwa tayari, harufu ya vanishi bado mbichi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, karatasi yenu ilisema vipya na hivi si vipya. Angalia kwa macho yako. Usiporidhika, sema."

Alizunguka chumba chote bila neno. Akafika kwenye kabati, akavuta droo ya chini, ikarudi polepole vile vile, akaivuta mara ya pili. Kisha akakaa kitandani akaniambia habari ya bibi yake wa Kibokoni, aliyekuwa na kitanda cha samadari chenye miguu ya kuchonga na vioo vidogo ubaoni. Bibi alipofariki alikuja mnunuzi na gari, na vijana wa nyumbani wakakiuza kwa shilingi 3,000 wakanunua kitanda cha kisasa. Yeye alikuwa na miaka kumi na tano. Kitanda cha kisasa hakumbuki hata kilikwenda wapi. Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri.

Sitasema kuwa wote ukweni waliridhika. Shangazi mmoja wa binti alinung'unika harusini na mpaka leo akija Tudor anaangalia viti kwa jicho la pembeni. Yeye ni mkubwa kwangu na namheshimu, nami naamini anamtakia binti yao hadhi. Lakini namwomba, na kupitia kwake nawaomba wazazi wote wenye mabinti: Mtume (SAW) alipomwoza Bi Fatuma kwa Sayyidna Ali alimtayarishia nguo nzito ya kujifunika, kiriba cha maji na mto uliojazwa majani. Sisi tunawadai vijana wenye mishahara ya 34,000 makochi ya watu saba, halafu tunashangaa wamefika thelathini na tano hawajaoa. Futeni neno vipya kwenye karatasi zenu. Andikeni viwe imara, viwe safi. Maimamu wetu nao walitaje siku ya Ijumaa, kwa kuwa hili ni la dini pia.

Na wauzaji wa fanicha zilizotumika, ambao wengi wao niliwakuta ni watu wazuri, nawaomba waache vanishi ya kuziba matundu. Mnunuzi mmoja aliyedanganywa huenda akawaambia kumi. Serikali ya kaunti iwape uwanja wenye paa. Robo ya nilivyoviona vilikuwa vinaharibika kwa mvua na jua kando ya barabara, vitu vizuri kabisa, kwa kukosa mabati tu.

Ombi la mwisho ni langu mwenyewe. Meza ile ya reli haina viti vyake. Hivi vinne ni imara lakini kila kimoja kina urefu wake, na mkwe wangu anakiwekea kimoja kitabu chini ya mguu. Ikiwa msomaji wako yeyote, hasa wa familia zilizofanya kazi relini au bandarini, ana viti vyenye herufi EAR&H chini ya kikalio, hata viwili, hata vikiwa vimevunjika mgongo, asivichome. Akuandikie wewe Mhariri, nami nitakuja kuulizia. Fundi ninaye, na bei tutaelewana.

Mama wa watoto wanne,
Majengo, Mombasa